Kiolezo cha seva: kosa la mwanzo hurithiwa

Mwaka 1784, Jenerali William Roy alipima mstari mmoja ulionyooka kwenye uwanda wa Hounslow Heath, magharibi mwa London. Ulifika futi 27,404, zaidi ya kilomita 8. Fito za mbao alizoanza nazo zilitanuka kwa unyevunyevu, akaziacha na kutumia mirija ya kioo. Alikuwa na sababu ya kujisumbua: pembetatu za upande wa Uingereza za kuunganisha Greenwich na Paris zingekokotolewa kutokana na mstari huo, na kosa lake lingeingia katika kila moja.

Kiolezo cha programu ya seva kinabeba mzigo uleule. Ni folda ya faili zilizokwisha kupangwa, na kila mradi mpya huinakili pamoja na makosa yake. Kwa hiyo kiwekewe mambo yale tu ambayo ni vigumu kuyarekebisha baadaye.

Kwanza, siri. Ukianzisha mradi wa Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, faili ya settings.py huja na SECRET_KEY inayoanza na maneno "django-insecure-", na DEBUG ikiwa True. Hayo yanafaa kwenye kompyuta yako tu. Ukiyaacha hivyo hadharani, kila hitilafu itamwonyesha mgeni yeyote undani wa programu. Kiolezo kisome siri kutoka mazingira ya seva, na kikatae kuwaka zisipokuwepo. Faili ya .env inayobeba siri hizo iingizwe kwenye .gitignore tangu siku ya kwanza; ukishaihifadhi kwenye Git, hata ukiifuta inabaki katika historia.

Pili, saa. Chukua chama cha kusaidiana chenye wanachama Hounslow na Mombasa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Uingereza hurudisha saa nyuma, na saa saba na nusu usiku hufika mara mbili. Mombasa haibadilishi, hivyo tofauti hutoka saa mbili na kuwa tatu. Michango miwili ikiandikwa kwa saa ya London ndani ya saa hiyo inayojirudia, hakuna atakayejua upi ulitangulia. Hifadhi nyakati zote kwa UTC, saa ya kimataifa isiyobadilika kwa misimu, uzigeuze unapomwonyesha mtumiaji.

Tatu, hifadhidata. Kila badiliko la majedwali liwe faili inayokaa pamoja na msimbo. Katika Django, tengeneza modeli yako ya mtumiaji kabla ya kuunda majedwali ya kwanza, maana kuibadilisha data ikishajaa ni kazi ngumu mno.

Malipo, foleni za kazi na barua pepe vingoje mradi unaovihitaji. Ongeza jaribio moja linalopita na maelezo mafupi ya kuwasha programu, kisha mpe kiolezo mwenzako asiyewahi kukiona. Akilazimika kukuuliza swali, jibu lake liandike humo kabla ya mtu mwingine kukinakili.