Mchezo wa Misukule Uchezwao kwa Simu

Muhula uliopita wenzangu wa bwenini walinisikia nikimtaja usingizini mtu aitwaye Mwanaidi, wakanicheka siku nyingi wakidhani ni mchumba. Habari hiyo ilipomfikia Bwana Mhariri, akanitaka nieleze katika gazeti letu huyo Mwanaidi ni nani. Basi naeleza. Mwanaidi ni mtoto wa kike wa miaka 9, wala hakuzaliwa na mtu. Nalimfanya mimi mwenyewe katika mchezo wa simu, wakati wa likizo ya mwezi wa Juni, nilipokuwa nikikaa kwa kaka yangu pale Kibaoni, Ifakara. Ilinipasa kwenda shamba, bondeni upande wa Idete, kumsaidia baba kuamia mpunga, lakini naliomba nibaki ati nimsaidie kaka dukani. (Simu ilikuwa ya kaka. Mimi sina simu, na haziruhusiwi shuleni. Bwana Mlezi asijisumbue kupekua sanduku langu.)

Wazee wengi wakisikia mchezo wa simu hufikiri habari za mpira, au magari yanayogongana. Huu si wa namna hiyo, kwani hauna picha hata moja. Ni maneno matupu, yaandikwayo na watu tisa walio mbali mbali. Sisi tulikuwa na watu wa Dar es Salaam, wa Morogoro, wa Mombasa, na mmoja aliyekuwa Muscat, kila mtu na simu yake, na wote twasoma ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne. Mmoja katika tisa hao ni Msimulizi. Yeye hueleza mahali palivyo na mambo yanayotokea, kisha huuliza, "Mnafanyaje?" Wale wanane wengine kila mmoja ana mtu wake wa hadithi, naye huandika mtu huyo afanyavyo. Jambo likiwa gumu, kama vile kuruka ukuta au kuzuia kikohozi adui anapopita, programu hutupa dadu yenye pande 10. Kila mtu ana uwezo wake ulioandikwa tangu mwanzo. Namba ya dadu ikizidi uwezo wako, umeshindwa, na hapana rufani.

Michezo ya kujifanya mtu mwingine namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wao wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, wa karatasi, penseli na dadu. Mwaka 1978 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, jina lake Roy Trubshaw, akaanza kutengeneza mchezo wa kompyuta ambao watu wengi waliweza kuuingia pamoja, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Huo nao ulikuwa maneno matupu, kwa hiyo wale wanaotucheka kwamba mchezo wetu ni wa kizamani wanasema kweli.

Ama kutisha, hiyo ni kazi ya Wajapani zaidi. Kampuni ya Capcom ilitoa mwaka 1989 mchezo uitwao Sweet Home, wa watu walionaswa katika nyumba mbaya, na mwaka 1996 ikatoa Resident Evil, uliojulikana dunia nzima. Siri yao ni nyepesi kueleza. Michezo ya vita humpa mchezaji risasi tele. Hii humpa chache, na dawa chache, na mfuko mdogo, hata kila ukiokota kitu yakupasa ufikiri utupe kipi. Mtu hutishwa na adui, lakini hutishwa zaidi na kuhesabu akiba yake akaona haitoshi. Dean Hall, mtu wa New Zealand aliyekuwa askari, alifanya mazoezi ya jeshi katika msitu wa Brunei, akapata njaa kali na kuumia. Mwaka 2012 alitoa mchezo wa DayZ, ambamo mchezaji asipokula na kunywa hufa hata kama hakuguswa na adui. Wetu ulifuata kanuni hiyo hiyo.

Adui wenyewe tuliwaita misukule, kwa kukosa jina jingine. Kwetu msukule ni mtu anayesemwa kuwa amechukuliwa kwa uchawi, watu wakamzika wakidhani amekufa, kumbe analimishwa shamba la mtu usiku. Misukule wa mchezo hawalimi. Hutembea tu wakitafuta watu wa kula. Nilipomweleza shemeji yangu aliuliza, basi ana faida gani mwenye kuwafuga?

Sasa nirudi kwa Mwanaidi. Msimulizi alikuwa ametoa nafasi nane: askari, muuguzi, dereva wa lori, fundi, mvuvi, mwalimu, mpishi na mtoto. Mimi nalichelewa kwa sababu bando lilikuwa limekwisha, na nilipoingia nikakuta nafasi iliyobaki ni ya mtoto. Nguvu zake zilikuwa 2, maana yake akijaribu mara 10 jambo la nguvu atafaulu mara 2 hivi. Mbio 5. Ujasiri 3. Aliweza kubeba vitu vinne tu. Lakini kunyamaza na kujificha alipewa 8, kuliko askari, kuliko wote. Mwanzoni nalinung'unika. Baada ya siku mbili nikaona kwamba mtoto katika mchezo wa kutisha ni kitu cha ajabu sana, kwani hupita katika dirisha la choo ambalo mkubwa hapiti, na wakubwa wakizungumza mbele yake hawajali kuwa anasikia. Walakini akisema yeye, hasikilizwi. Mara tatu naliandika, "Mwanaidi anasema ameona nyayo," na mara tatu wenzangu wakaendelea na mazungumzo yao kama kwamba sikuandika kitu. Nao hawakuwa watu wabaya, walikuwa wakicheza vizuri tu, yaani wakifanya wafanyavyo watu wazima.

Hapa niseme neno moja kwa wazazi. Mwenye simu hajui aliye upande wa pili. Msimulizi wetu alikataza kutaja majina ya kweli, kupelekeana picha, na kuzungumza na mtu faraghani. Mchezaji mmoja aliniuliza kwa siri nasoma shule gani na naishi na nani. Nikamwambia Msimulizi, na siku ile ile mtu huyo akatolewa, na nafasi yake ya mpishi akapewa mwingine. Mchezo usio na msimamizi wa namna hii mimi singeuingia, wala singemruhusu mdogo wangu.

Katika juma la pili tulifika kwenye mto mpana wenye daraja moja. Msimulizi hajapata kufika Ifakara, lakini alipolieleza mimi naliona Daraja la Magufuli, lile letu la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018, na maji ya masika chini yake. Misukule walikuwa wamelijaa. Akiba yetu ilikuwa maji ya siku moja na risasi tatu. Askari akatoa shauri: misukule hufuata sauti, basi mtoto apande juu ya paa la ghala apige debe, wakiondoka darajani kumfuata, sisi tutavuka. Tena akaongeza, "Yeye ni mwepesi, bati halitavunjika." Wote saba wakakubali. Nami nikaandika, "Mwanaidi anakubali." Nimejiuliza sana baadaye kwa nini naliandika hivyo. Nadhani ni kwa kuwa sikujua mtoto wa miaka 9 angekataaje.

Akapanda, akapiga debe. Misukule wakamjia, wengi, wakalizunguka ghala. Wenzake wakavuka salama hata bila kutumia risasi moja. Ndipo Msimulizi akaandika, "Mmevuka. Nani anarudi kumchukua mtoto?"

Katika simu kuna alama ionyeshayo kwamba mtu anaandika. Naliona alama ile ikitokea na kupotea, ikitokea na kupotea, kwa muda wa dakika kama kumi. Halafu mvuvi akaandika, "Tutarudi kukipambazuka." Hawakurudi.

Mwanaidi alikaa juu ya paa usiku tatu za mchezo, ambazo kwetu zilikuwa jioni tatu za kweli. Usiku wa kwanza alivuta ngazi juu. Usiku wa pili alifunga kopo kwa kamba ndefu akalitupa mbali, ili akiivuta kamba sauti itoke kule, si hapa alipo. Msimulizi alishangaa nimepata wapi akili hiyo. Sikuwa na akili yoyote. Nalikuwa nakumbuka dungu. Kila mtoto wa bonde letu anayajua mambo hayo. Mchana unafukuza kweleakwelea kwa kombeo na kelele, na usiku nguruwe wakija unavuta kamba, makopo yanalia pembeni mwa shamba nao wanakimbia. Mimi nalifanya kazi hiyo nikiwa na umri wa Mwanaidi.

Usiku wa tatu maji yalikwisha, na msukule mmoja akapata njia ya kupanda. Ilikuwa ni kunyamaza tu. Kunyamaza kwake ni 8. Dadu ikatoka 9. Msimulizi akaandika mistari miwili, nami sitaki kuirudia hapa. Mwalimu, yaani yule mchezaji wa Morogoro, aliniandikia, "Pole, lakini mpango ulikuwa mzuri." Nalicheka, kisha nikaona sicheki.

Baba alikuwa amekuja jioni ile na magunia mawili ya mpunga kwa ajili ya mashine. Nalimkuta barazani anakunywa chai. Mama alikuwa Mahenge akimwuguza bibi. Nikamwuliza, "Baba, shamba amebaki nani?"

Akasema, "Mdogo wako yupo. Anapiga debe."

Mdogo wangu yuko darasa la tatu. Ana miaka 9.

Huenda msomaji akasema natia chumvi, kwani watoto wa huku wamelala madunguni tangu zamani. Ni kweli, na baba alinijibu hivyo hivyo. Lakini Craig Packer na wenzake, Watanzania wakiwamo, walikusanya habari na kuzitangaza mwaka 2005, kwamba toka mwaka 1990 hadi 2004 simba waliwaua watu wasiopungua 563 katika nchi yetu, na kuwajeruhi zaidi ya 308, hasa katika wilaya za kusini na pwani. Mashambulio yalizidi wakati wa mavuno, na mahali penye nguruwe wengi, kwa maana simba humfuata nguruwe, na nguruwe hufuata shamba, na shambani yumo mwenye kulilinda. Mwaka 2011 wakaeleza jambo jingine, kwamba hatari huzidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Mbalamwezi ikiwaka usiku kucha simba hukosa windo, wanapata njaa. Kisha mwezi unapoanza kuchelewa kutoka, pana kiza saa za jioni, wakati watu bado wako nje. Sisemi simba huonekana Idete kila siku. Nasema tu kwamba usiku ule nalitoka uani kutazama, na mwezi ulikuwa haujatoka.

Nalimwambia baba kwamba asubuhi nakwenda mimi, na kwamba ilinipasa kwenda tangu mwanzo wa likizo. Hakusema neno juu ya hilo. Alisema tu nipitie dukani nichukue betri za tochi na chumvi.

Nalifika kwa baiskeli saa sita mchana. Mdogo wangu alikuwa amelala kivulini chini ya dungu, kombeo mkononi, na chandarua chake kimekunjwa vizuri juu. Kutoka dunguni zilikwenda kamba nne, moja kila pembe ya shamba, zenye makopo ya maziwa. Mimi nalimpa Mwanaidi kamba moja. Nikamwamsha, nikamwuliza kama aliogopa.

"Usiku wa kwanza," akasema.

Jioni, baada ya kula, nalimweleza mchezo. Hatukuwa na simu, wala mtandao haukamati pale. Tulikata vipande 10 vya karatasi ya daftari, tukaandika namba 1 mpaka 10, tukavitia ndani ya kofia yangu. Nalimwambia achague mtu wake: askari, muuguzi, mvuvi, yeyote ampendaye. Akafikiri kitambo, akasema yeye atakuwa nguruwe. Nikamwuliza nguvu za nguruwe ziwe ngapi. Akasema 10, na mimi niwe mtoto.