Daftari Lako Litakuletea Wateja

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Leo tuitazame methali hiyo katika kazi moja. Kazi hiyo ni kupuliza dawa kwenye mikorosho ya watu kwa malipo.

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, mkulima wa korosho ana adui mkubwa. Adui huyo ni ubwiri unga. Ugonjwa huu hufunika maua na majani machanga kama unga. Maua hukauka na kuanguka. Maua yakianguka, hakuna korosho. Wakulima wengi huzuia ugonjwa huu kwa salfa ya unga. Hupulizwa kwa mashine, na hurudiwa kila baada ya siku 14 wakati wa maua. Asiye na mashine humwita kijana mwenye mashine.

Mimi ni bwana shamba. Katika kijiji kimoja niliwajua vijana wawili wa kazi hiyo.

Wa kwanza alipita nyumba hadi nyumba akijisifu. Alipokea fedha za watu wengi, akamwahidi kila mmoja. Mama mmoja mjane alikuwa miongoni mwao. Kijana alimpulizia mara moja tu. Siku ya 14 mama alingoja. Siku ya 20 alimfuata.

"Shikamoo mama. Kesho alfajiri nitafika," kijana alisema.

"Marahaba. Lakini mwanangu, maua hayangoji," mama alijibu.

Kijana hakufika. Mwaka ule mama alivuna korosho chache sana. Mtoto wake alirudi shule na sare iliyochanika. Msimu uliofuata, kijana alipita tena akijisifu. Hakupata kazi. Mashine yake ikalala ndani.

Wa pili hakujisifu. Alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Alinunua daftari na kalamu. Humo aliandika hivi:

Mzee wa bondeni. Mikorosho 60. Nimepuliza tarehe 10 Juni. Nitarudi tarehe 24 Juni.

Kila jioni alisoma daftari lake. Kila tarehe ilipofika, alifika. Msimu uliofuata, yule mama mjane alikwenda mwenyewe kumtafuta. Majirani zake walimfuata.

Je, wewe mwenye mashine ufanye nini?

Kwanza, jua nguvu yako. Salfa hupulizwa alfajiri, wakati kuna umande na upepo umetulia. Alfajiri ni fupi. Tuseme mashine yako inamaliza mikorosho 60 kwa alfajiri moja. Kwa siku 14 ni mikorosho 840. Toa siku 4 za upepo, ugonjwa au mashine kuharibika. Zinabaki siku 10, yaani mikorosho 600. Basi pokea mikorosho 600. Anayezidi mwambie ukweli, "Ndugu, msimu huu nimejaa." Hatakuchukia. Atawahi mwakani.

Pili, taja bei kabla ya kuwasha mashine. Ni kiasi gani kwa mti mmoja? Salfa ni ya nani? Petroli ni ya nani? Andikeni mnayokubaliana, nyote wawili mkione.

Tatu, kama wewe ni mgeni katika kazi, anza na shamba lililo kando ya njia. Lipulize vizuri. Wapitao wataona maua, nao watauliza, "Nani amepuliza hapa?"

Nne, siku ukishindwa kufika, toa habari mapema. Piga simu au mtume mtoto. Mteja akijua mapema, anaweza kutafuta mwingine na kuokoa maua yake. Ukinyamaza, umemwibia msimu.

Tano, baada ya mavuno rudi kwa wateja wako. Wasalimu. Uliza, "Korosho zilikuwaje?" Aliyeridhika mwombe jambo moja tu: amwambie jirani yake. Neno la mteja mmoja lina nguvu kuliko sifa unazojipa mwenyewe siku nzima.

Na usisahau afya. Funika pua na mdomo, kinga macho, na waondoe watoto shambani unapopuliza.

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea. Kizuri chajiuza. Lakini katika kazi ya kuwatumikia watu, kizuri ni kufika siku uliyosema. Maneno haya yanamhusu pia fundi cherehani, fundi baiskeli na mwashi. Nguo ya harusi nayo haingoji.

Ulijifunza kuandika kwa jasho. Sasa andika jina la mteja, kazi yake na tarehe yake. Kisha itunze tarehe hiyo. Ahadi ni deni.