MATEMBEZI YA WATOTO KATIKA JOTO LA BUJUMBURA

Mji wa Bujumbura umejaliwa neema ambayo miji mingi ya joto haina. Upande wa magharibi unapakana na Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya maji hayo milima ya Kongo huonekana waziwazi. Upande wa mashariki vilima hupanda hatua kwa hatua kuelekea nchi ya baridi. Mtoto aliyezaliwa hapa asipelekwe kuviona vitu hivi, hapana shaka amepunjwa. Lakini mji huu uko bondeni na karibu na Ikweta, na jua lake halina mzaha. Mwandishi wa makala haya alijifunza hayo kwa aibu.

Katika chuo cha ukadeti tulifundishwa kwamba kikosi hakiondoki kambini kabla ya chupa za maji kukaguliwa. Nimezikagua chupa hizo kwa miaka mingi. Hata hivyo, Jumapili moja ya mwezi wa Septemba niliwapeleka wanangu wawili ufukoni saa saba mchana, nikiwa na chupa moja tu ya soda. Binti yangu wa miaka sita alikimbia mchangani kiasi cha saa nzima. Kisha akaketi, akanyamaza.

"Baba, kichwa kinaniuma," alisema. Nilidhani anadeka, nikamkemea. Punde akatapika.

Bibi mmoja aliyekuwa akiuza karanga chini ya mti aliniita: "Mwanangu, mtoto huyo jua limemwingia. Mlete kivulini upesi!" Tukamvua shati, tukamlowesha kwa kitambaa cha maji, tukampepea, na bibi yule akamnywesha maji kidogo kidogo kutoka kwenye dumu lake. Baada ya nusu saa alianza kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimewalinda askari watu wazima, nikamsahau mtoto wangu mwenyewe.

KWA NINI MTOTO HUUMIA UPESI

Mwili wa mtoto ni mdogo, lakini ngozi yake ni kubwa ukiilinganisha na uzito wake. Kwa hiyo hupokea joto la nje upesi kuliko mtu mzima. Tena hutoa jasho kidogo, na jasho ndilo linaloupoza mwili. Zaidi ya hayo, mtoto aliyenogewa na mchezo hatambui kiu. Basi yafaa mzazi asingoje kuombwa maji, bali ampe mara kwa mara, hata kila baada ya dakika ishirini anapocheza.

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kununa bila sababu. Ikiwa mtoto amechanganyikiwa, amezimia, au mwili unawaka moto, hiyo ni hatari ya kifo: apozwe kwa maji papo hapo na kukimbizwa hospitali. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Vilevile, mtoto asiachwe kamwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache, hata kama limeegeshwa kivulini.

SAA YA KUTOKA

Jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Watu wengi kwa hiyo husubiri jioni, upepo wa ziwa unapoburudisha. Jambo hilo ni jema, lakini lina mpaka wake. Giza liingiapo, viboko hutoka majini kula majani, na katika mji huu si ajabu kuwakuta karibu na nyumba za watu. Mamba nao wamo. Kwa hiyo jamaa iliyoko ufukoni iondoke kabla ya jua kuzama nyuma ya milima ya Kongo, na watoto waoge pale tu ambapo wenyeji wanapaamini, mzazi akiwa karibu. Aidha, kati ya mwaka 2020 na 2024 ziwa lilifurika na kumeza sehemu za fukwe. Mahali palipokuwa salama zamani pakaguliwe upya.

Asubuhi, tangu saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne, ndiyo saa bora kuliko zote.

PA KWENDA

Wako wazazi wanaodhani kwamba matembezi ni ufuko tu. La hasha! Yako makumbusho ya viumbe hai, yaliyoanzishwa mwaka 1977, ambako mtoto humwona mamba bila ya hatari. Liko kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru aliyeuawa tarehe 13 Oktoba, 1961. Liko kilimani, na kutoka huko mji wote na ziwa huonekana. Kusini ya mji, huko Mugere, liko jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliopita hapo Novemba 1871. Katika safari hiyo walithibitisha kwamba mto Rusizi huingia ziwani, wala hautoki. Hivyo ziwa hili halikuweza kuwa chanzo cha Nile kupitia mto huo. Mtoto akisimuliwa hayo mahali penyewe, hatayasahau.

Mahitaji si ya anasa: kofia pana, nguo nyepesi za pamba, viatu vya kukinga mchanga wa moto, machungwa, na maji ya kunywa ya kutosha kila mmoja. Heri begi zito wakati wa kwenda kuliko mtoto mgonjwa wakati wa kurudi.

Siku hizi, kabla ya kufunga mlango wa nyumba, nawapanga wanangu mstari na kukagua chupa zao. Binti yangu naye hunigeukia akauliza, "Na yako, Baba?" Nami huionyesha.