Uwiano wa difu

Uwiano wa difu ni idadi ya mizunguko ya propela inayozungusha magurudumu mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, gari la Chevrolet Suburban la Marekani liliweza kuagizwa likiwa na uwiano wa 3.73 au 4.10. Ule wa 4.10 huongeza nguvu ya magurudumu kwa takriban asilimia 10, nao humfaa mwenye kuvuta trela. Lakini kwa mwendo na gia ileile injini huzunguka zaidi kwa kiasi hichohicho. Tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi kwa asilimia 10 hufuta karibu faida yote. Gurudumu moja likikwama kwenye utelezi, hakuna uwiano unaosaidia: difu ya kawaida hulizungusha hilo bure, la pili likitulia. Hapo huhitajika difu yenye loki, ambayo hufunguliwa kwenye lami kavu ili gari likate kona.