Nyumba Ipi Yafaa Kuwekwa Rehani?



Katika ukaguzi wa vyama, kuanzia Vwawa hadi Tunduma, swali moja huulizwa mara kwa mara. Mwanachama amejenga nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma na kuiezeka kwa bati. Amekwenda benki kuomba mkopo wa kuimalizia, akakataliwa. Jirani yake mwenye nyumba ndogo kuliko ile amekubaliwa. Kwa nini? Jibu ni kwamba mkopeshaji haangalii nyumba kwanza. Huangalia ardhi iliyo chini yake, na karatasi inayoithibitisha. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo, ili mwanachama alijue kabla ya kununua au kujenga, wala si baada yake.

Wazee wetu wanaikumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973. Kwa kushirikiana na Mfuko wa Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima, ilitoa mikopo ya nyumba hata vijijini. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995. Leo mikopo ya nyumba hutolewa na mabenki ya biashara. Kampuni ya TMRC, iliyoanzishwa mwaka 2010, huyapatia mabenki hayo fedha za muda mrefu, lakini haimkopeshi mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo mkulima husimama mbele ya benki akiwa na hati yake tu.

Huko Marekani, Wizara ya Kilimo husaidia mikopo ya nyumba za vijijini kwa mujibu wa Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949. Mwombaji huanza kwa kutazama ramani: nyumba iliyo upande mmoja wa mpaka huhesabiwa kuwa ya kijijini na hustahili, na iliyo upande wa pili hukosa. Sisi hatuna mpango wa namna hiyo, lakini mpaka tunao. Nao ni mpaka kati ya ardhi ya kijiji na ardhi ya mji.

Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Hati yake ni hatimiliki ya kimila. Hutiwa sahihi na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji pamoja na mmiliki mwenyewe, kisha hutiwa sahihi na muhuri na kusajiliwa na ofisa ardhi wa wilaya. Mbozi ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kufanyiwa majaribio ya sheria hiyo, kwa hiyo hati hizi si ngeni kwetu. Kisheria hati hii yaweza kuwekwa rehani. Lakini baadhi ya wakopeshaji husita, kwa sababu deni likishindikana, kuihamisha haki hiyo kwa mnunuzi hupitia mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na wanunuzi huwa wachache.

Ardhi ya mjini hufuata Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999. Kiwanja hupimwa, huwekewa mawe ya mipaka, na mmiliki hupewa hati kwa muda maalumu, kama vile miaka 33, 66 au 99. Hati hii ndiyo mabenki huipokea kwa wepesi.

Matatizo yapo kati ya hizo mbili. Mji wa Tunduma unakua kufuata barabara kuu, na mashamba ya jana leo ni mitaa. Eneo likiisha kuingizwa katika mji, halmashauri ya kijiji haina tena uwezo wa kuligawa. Njia ya kupata hati huwa ni upimaji wa viwanja au urasimishaji wa makazi. Mtu aliyenunua shamba kwa karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mashahidi anao ushahidi wa kununua, lakini hana hati. Aliyepata hatimiliki ya kimila kabla ya mabadiliko hayo aipeleke kwa ofisa ardhi apewe maelekezo.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba mkopo au kununua nyumba, mwanachama ahakikishe mambo haya:

(a) Ardhi ni ya kijiji au ya mji? Aulize ofisi ya ardhi ya halmashauri, asitegemee maneno ya muuzaji wala ya dalali.

(b) Hati ni ya nani? Apekue daftari la ardhi aone kama jina ni la muuzaji, na kama hakuna rehani nyingine juu yake.

(c) Nyumba iko nje ya hifadhi ya barabara? Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba iliyomo humo haifai kuwa dhamana.

(d) Mwenzi ameridhia? Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke. Ridhaa hiyo isiwe ya kuambiwa tu jioni ya mwisho. Wote wawili wasomewe masharti.

(e) Marejesho yanalingana na mapato? Mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu, na benki hudai kila mwezi. Aombe ratiba inayofuata mavuno. Akishindwa kulipa, mkopeshaji hutoa notisi ya siku 60, na baada ya hapo nyumba yaweza kuuzwa.

Asiye na hati asikate tamaa. Chama cha akiba na mikopo hukopesha kwa akiba na wadhamini, kufuatana na sera yake. Mkopo mdogo wa kulipia upimaji na hati waweza kuwa na faida kuliko mkopo mkubwa wa kuongeza chumba, kwani hati ndiyo ifunguayo mlango wa mikopo mingine.

Ndugu Makatibu, someni maelezo haya katika mkutano wa wanachama. Mwanachama anapoomba barua ya kumtambulisha benki, mwulizeni kwanza maswali hayo matano. Dakika chache za maswali zaweza kumwokolea nyumba yake.