Istilahi ya Kitangulizi cha Anandamaidi

Mwaka 1992 kundi la Raphael Mechoulam, Jerusalem, lilitambua anandamaidi, kemikali ya mwili inayojishika ubongoni pale pale inapojishika kemikali ya kulevya ya bangi. Jina latokana na Kisanskriti ananda, yaani raha kuu; bangi nalo, kwa sadfa, lina asili ya Kihindi. Kitangulizi chake ni lipidi ya utando wa seli, ambayo kimeng'enya huikata ili kuitoa anandamaidi. Kuiita "mafuta ya bangi" ni kupotosha: haitoki mmeani, na mfugaji wa Arash, wilayani Ngorongoro, akisomewa fomu ya ridhaa ya utafiti, ataelewa dawa iliyopigwa marufuku. "Lipidi tangulizi ya anandamaidi" ni istilahi ndefu, lakini yabainisha dhima bila kuutaja mmea.