Kupiga Picha za Wanyama Wakati wa Majani Kupukutika

Katika nchi yetu mwezi wa Oktoba ni mwezi wa kutazama mawingu. Mkulima amekwisha kulitayarisha shamba lake, naye angojea mvua za vuli. Lakini katika nchi za kaskazini ya dunia, kama vile Uingereza, mwezi huo huo ni mwezi wa majani kupukutika. Waandishi wengine wa vitabu huyaita majira hayo kwa jina la vuli pia, ingawa mambo haya mawili hayafanani hata kidogo: vuli yetu huleta majani mabichi, na yao huyaondoa.

Mwaka mmoja nilipata bahati ya kukaa London kwa majuma matatu katika mwezi huo, kwa ndugu yangu afanyaye kazi huko. Kabla sijaondoka nyumbani, baba yangu, ambaye ni mkulima, aliniomba jambo moja tu. Alisema, “Usiniletee picha za majumba. Majumba nayaona kila siku magazetini. Niletee picha ya pori lao na wanyama wao.” Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyojaribu kulitimiza ombi hilo, kosa nililolifanya, na mambo niliyojifunza, kwa maana yaweza kumfaa mtu ye yote mwenye kamera, au hata simu ya mkononi, po pote alipo.

Pori ndani ya mji

Upande wa kusini-magharibi wa London iko bustani kubwa iitwayo Richmond Park. Ukubwa wake ni eka 2,500 hivi. Mfalme Charles wa Kwanza aliizungushia ukuta mwaka 1637 ili apate mahali pa kuwinda, jambo lililowachukiza sana watu waliokuwa na mashamba na malisho yao hapo. Leo hakuna awindaye kwa kujifurahisha, na watu wote huingia bila malipo. Ndani yake kuna mialoni ya kale yenye umri wa mamia ya miaka, mabwawa, majani marefu, na magugu ya namna ya kangaga. Kuna pia wanyama zaidi ya 600 wa ukoo ambao nchi zetu hazinao kwa asili.

Wanyama hao sisi huwaita kulungu, kwa kukosa neno jingine. Lakini wasomaji wajue kuwa kulungu wetu ana pembe za kudumu, ambazo hazianguki mpaka afe. Huyu wa Ulaya pembe zake zina matawi, nazo huanguka kila mwaka zikaota nyingine mpya. Tena ni dume peke yake mwenye pembe. Wako wa namna mbili katika bustani hiyo: wale wakubwa wenye rangi nyekundu, na wale wadogo ambao wengi wao wana madoadoa.

Kwa nini majani hugeuka rangi

Kabla ya kueleza habari za wanyama, yafaa nieleze habari za miti, kwa sababu rangi zake ndizo zinazowavuta wapiga picha wengi katika majira hayo.

Jani ni la kijani kwa sababu ya kitu kiitwacho klorofili, kinachouwezesha mti kujitengenezea chakula kwa nguvu za jua. Siku zinapoanza kuwa fupi na baridi kuingia, mti huacha kutengeneza klorofili mpya, nao huiondoa mbolea iliyomo katika jani na kuirudisha katika matawi na shina, kama vile mtu avunavyo nafaka na kuitia ghalani kabla ya njaa. Kijani kikiisha, rangi ya manjano, ambayo ilikuwamo tangu mwanzo lakini imefichika, huonekana. Rangi nyekundu ni jambo jingine: miti mingine huitengeneza upya wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki katika jani, nayo hupendeza zaidi ikiwa siku ni za jua na usiku ni wa baridi. Mwishowe mti huziba mahali jani liliposhikwa na tawi, na jani huanguka.

Mkulima wa mahindi hawezi kuyastaajabia sana mambo haya. Yeye ameona mara nyingi jinsi majani ya chini ya muhindi yanavyogeuka manjano, mmea unapokosa mbolea ya naitrojeni na kuinyang'anya kutoka majani ya zamani ili kuyalisha machanga. Kanuni ni karibu moja.

Tena liko jambo la jua. Hapa Nairobi, katikati ya Oktoba, jua hupanda mchana mpaka nyuzi zaidi ya 80, karibu na utosi. Vivuli huwa vifupi na vyeusi, na uso wa mtu hujaa giza chini ya macho. London, siku hiyo hiyo, jua halipiti nyuzi 30 hivi. Mwanga huja kwa ubavuni, huingia chini ya matawi, na kulipaka kila jani rangi ya dhahabu. Sisi tunaupata mwanga wa namna hiyo asubuhi na mapema na kabla ya magharibi tu. Wao wanao kwa muda mrefu zaidi.

Kosa langu

Asubuhi ya kwanza nilifika bustanini kabla ya jua kuchomoza, ambalo katika siku hizo huchomoza baada ya saa moja na robo. Kabla sijaona kitu, nilisikia ngurumo iliyonisimamisha nywele. Haikuwa ya simba, lakini haikuwa mbali nayo. Ilikuwa sauti ya dume la kulungu.

Kwa kulungu wale wakubwa, kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Oktoba hivi ni wakati wa kupandana. Dume huyakusanya majike yake, hunguruma usiku na mchana, hujipaka matope, na hata huyakokota magugu kwa pembe zake ili aonekane mkubwa. Akija dume mwingine, hutembea sambamba wakipimana kwa macho, na wasipopatana hupigana pembe kwa pembe. Katika siku hizo dume hali chakula cha kutosha, naye hukonda sana, na baada yake huingia kipindi cha baridi kali. Majike huchukua mimba ya miezi minane hivi, wakazaa Mei na Juni, majani yanapokuwa mengi. Kwa hiyo kazi yote ya mwaka mzima hutegemea majuma hayo machache.

Mimi sikuyajua hayo. Nilimwona dume mkubwa amesimama katika ukungu pamoja na majike kama kumi, nikaitoa simu yangu. Katika kioo alionekana mdogo kama mbuzi. Basi nikasogea. Nikapiga picha, nikasogea tena. Mara yule dume akaacha kunguruma. Akanigeuzia kichwa, akanikazia macho. Nami, badala ya kuelewa maana yake, nilifurahi nikasema moyoni, “Sasa ananitazama vizuri.” Nilikuwa hatua 20 tu kutoka kwake.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mtu, si kubwa lakini yenye ukali: “Rudi nyuma, kijana. Taratibu. Wala usimpe mgongo.”

Nilirudi hatua kwa hatua, moyo ukipiga. Alikuwa mzee mmoja aliyeketi juu ya gogo, kamera yake imewekwa juu ya miguu mitatu. Hakunigombeza. Alininyoshea kidole tu upande wa kushoto. Wakati yule dume alipokuwa akinitazama mimi, dume kijana alikuwa ametokea magugu, akalitenga jike moja na kulifukuza mbele yake mpaka wakapotea ukunguni. Yule mkubwa akageuka, akalikimbilia, lakini alikuwa amechelewa.

“Umepata picha yako,” mzee yule aliniambia. “Naye ameilipia.”

Niliona haya sana. Nilipozitazama zile picha, zote zilikuwa na ukungu wa mkono kutikisika, na katika ile moja iliyokuwa safi, mnyama alikuwa na macho ya kuudhika. Nilizifuta zote.

Aliyonifundisha mzee

Mzee huyo alinikaribisha niketi karibu naye, naye alinieleza mambo ambayo nayaandika hapa kwa kufuatana.

Kwanza, umbali. Wasimamizi wa bustani hiyo huwaagiza watu wakae mbali na kulungu kwa mita 50 au zaidi, na wakati wa kupandana yafaa umbali uongezeke. Mnyama akiacha jambo alilokuwa akilifanya ili akutazame, basi umekwisha kukaribia mno. Rudi nyuma bila kungoja. Pia usisimame hata kidogo kati ya madume mawili, wala kati ya dume na majike yake.

Pili, kukaa mahali pamoja. Mtu anayemfuata mnyama hupata picha za mgongo. Lakini mtu anayeketi kimya, upepo ukimjia usoni, mara nyingi mnyama mwenyewe huja mbele yake. Subira yavuta heri.

Tatu, kutoogopa mnyama kuwa mdogo katika picha. Mwenye lenzi ndefu ya milimita 400 aweza kumvuta karibu. Asiye nayo asikimbilie kuvuta picha kwa simu mpaka iharibike. Apige picha ya mahali pote, mti na ukungu na nyasi, na mnyama awe ndani yake.

Nne, mwanga. Kulungu akiwa kati yako na jua la asubuhi, manyoya yake huzungukwa na mstari wa dhahabu, na pumzi yake huonekana kama moshi. Lakini kamera hudanganyika mbele ya ukungu mweupe, ikaufanya kuwa wa kijivu. Basi ongeza mwanga kidogo. Vile vile kamera nyingi zikiachwa zijirekebishe zenyewe huipunguza ile rangi ya dhahabu kwa kuidhania kuwa kasoro. Yafaa uziweke katika hali ya mwanga wa jua.

Tano, kasi. Mnyama akimbiaye huhitaji kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde au zaidi. Miti isiyotikisika huweza kupigwa polepole, lakini kamera sharti iwe juu ya miguu mitatu au juu ya jiwe.

Kisha alinieleza habari za ndugu wawili wa Yorkshire, Richard na Cherry Kearton, waliokuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuwapiga picha ndege na wanyama wa porini. Walianza mwaka 1892 kwa kupiga picha ya kiota chenye mayai. Baadaye, ili wasiwashtue ndege, walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi, na mpiga picha akajificha ndani ya tumbo lake. Nilifurahi kuweza kumwongezea mzee yule jambo moja: kwamba Cherry Kearton alifika nchi ya Kenya mwaka 1909, akazipiga filamu habari za safari ya Theodore Roosevelt. Wengi walikuja kwetu siku hizo na bunduki. Huyu alikuja na kamera.

Asubuhi ya pili

Baada ya siku mbili nilirudi. Nilikuwa nimeazima kamera ya ndugu yangu pamoja na miguu yake mitatu. Usiku ulikuwa wa baridi bila mawingu, kwa hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mabwawa. Niliketi karibu na mti ulioanguka, mbali kabisa, nikangoja kwa saa moja na nusu. Vidole vilikufa ganzi. Ndipo dume akatoka taratibu, akasimama chini ya mwaloni mkubwa, akainua kichwa akanguruma. Hakujua kuwa nipo. Nilipiga picha tatu tu.

Nilipofika nyumbani nilimpa baba moja kati ya hizo. Mnyama alikuwa mdogo, hazidi ukucha wa kidole gumba. Nilitaka kumwomba radhi, lakini baba aliitazama kwa muda mrefu, akasema, “Huyu yuko kwake.”

Maneno hayo sikuyasahau. Yatufaa sisi pia, ambao wageni wa dunia nzima huja kuwapiga picha wanyama wetu. Utafiti uliofanywa katika Maasai Mara na kutangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa duma wa kike waliokaa mahali penye magari mengi ya watalii walilea watoto wachache sana kuliko wale waliokaa mahali penye magari machache. Duma huwinda mchana kwa macho yake. Akizungukwa na magari hupoteza windo, na watoto hulala njaa. Hakuna mtu aliyetaka kuwadhuru. Kila mmoja alitaka kusogea kidogo tu, kama nilivyotaka mimi.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na kamera au simu, iwe ni katika hifadhi au kando ya shamba lako jua linapochwea, chagua mwanga mzuri, keti chini, na umwache mnyama aendelee na kazi yake. Na dereva akitaka kulisogeza gari zaidi, mwambie kwa upole kwamba hapo mlipo panatosha.